Majani Si Kahawa

"Umekunywa kahawa?"

"Sijanywa, mama."

"Chai?"

"Hata tone."

"Soda nyeusi?"

"Tangu jana jioni sijagusa kitu. Naapa kwa Bikira wa Mgodini."

"Sasa mbona moyo unakwenda mbio hivi, don Ciriaco? Mapigo mia moja na mbili kwa dakika, na wewe umelala chali kama mfalme!"

Mzee Ciriaco, mchimba madini mstaafu, alimtazama kwa macho ya mtu aliyeonewa. Shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna. Nemesia Colque, mpiga picha wa mioyo pale hospitalini, akalikodolea macho lile shavu, akashusha pumzi, kisha akakinga kiganja chini ya kidevu cha mzee wa watu kama mama anayemtoa mtoto kifungo mdomoni.

"Tema."

"Ni majani tu, mama."

"Tema, nasema!"

Mzee akatema. Bonge zima la majani ya koka, yale yanayokimbiza moyo kama kahawa, limetafunwa tangu alfajiri mpaka limekuwa uji.

"Karatasi inasema usinywe," akajitetea. "Mimi sikunywa. Nimetafuna."

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Mashine ya CT, ile inayopiga picha ndani ya mwili, haitaki makuu. Inaupiga moyo picha pale unapotulia kati ya pigo na pigo, na ili iupate sharti mapigo yashuke chini ya sitini na tano. Moyo ukienda mbio, picha inatoka imetikisika, na ile mishipa myembamba inayoulisha moyo wenyewe haionekani ng'o. Ndiyo maana mgonjwa anapewa karatasi siku mbili kabla. Karatasi hiyo aliiandika Nemesia kwa mkono wake: hakuna kahawa, hakuna chai, hakuna soda nyeusi, hakuna chokoleti, hakuna pombe. Mwaka wa kwanza koka hakuiandika kabisa, maana haikumjia akilini. Kwetu Oruro, huku milimani, koka si kinywaji. Ni ya tumbo, ni ya baridi, ni ya njaa, ni ya kikao, ni ya matanga. Wagonjwa walikuja wamejaa majani hadi kooni, wakaapa kwa moyo safi kwamba hawajagusa kitu. Akaongeza kwa herufi kubwa: NA KOKA. Wakaja wametafuna. Akaongeza: USITAFUNE. Akaja bibi mmoja kayabandika kwenye kipaji cha uso kwa mate, dawa ya kichwa, na bibi huyo Nemesia akampitisha kwa sababu alikuwa amechoka kugombana.

"Leo hupigwi picha," akamwambia don Ciriaco. "Vaa shati. Rudi Alhamisi."

Wanaomfahamu kwa juu juu husema doña Neme ana hasira za bure. Waongo. Hasira zake zina sababu zote, tena kwa mpangilio. Hata mashine ina hasira zake. Ilipoletwa ilisema kwa sauti ya mwanamke wa ng'ambo, laini, kama anakuuzia marashi: tafadhali, vuta pumzi, ibane. Bibi zetu wa vijijini walikuwa wanamjibu. "Unasemaje, binti?" Na kumjibu ni kupumua, na kupumua ni kuharibu picha. Nemesia akaifuta ile sauti, akaweka yake, kwa Kihispania, kwa Kikechua na kwa Kiaimara. Aliirekodi Ijumaa baada ya kazi, mafundi wakitoboa ukuta chumba cha pili na kumharibia mara mbili; ya tatu akachoka, ikabaki jinsi ilivyotoka: "Vuta pumzi. Bana. Usipumue. Nimesema usipumue! Haya, pumua." Fundi wa mashine alitaka kuifuta. Daktari Arancibia, daktari wa moyo, alikataa, kwa kuwa tangu siku ile hakuna aliyethubutu kupumua.

Tuseme ukweli sasa, hizo hasira zilianzia wapi.

Miaka ishirini na minne iliyopita Nemesia alikuwa mkunja mashuka katika dobi ya hospitali hiyohiyo. Mdogo wake, Remigio, alicheza Karnivali katika kikundi cha mashetani, wale wenye vinyago vya pembe wanaoruka njia nzima mpaka miguuni pa Bikira. Januari ile alirudi kutoka kukata miwa bondeni, akazirai mazoezini. Mama yao, doña Fortunata, akasema ni mwinuko, amezoea hewa nzito ya bondeni na huku juu hewa ni nyembamba. Jumamosi ya Karnivali Nemesia mwenyewe alimfunga kamba za kinyago. Remigio akaruka mpaka juu kabisa ya barabara kuu, pale ngoma zinapopinda kuelekea kanisani, akaanguka. Walipomaliza kuzifungua zile kamba alikuwa ameshakufa. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Daktari wa zamu alisema mwinuko. Cheti kiliandikwa pombe, na Remigio alikuwa na nadhiri, hajaonja hata tone. Matangani watu walisema Bikira amemchukua. Maiti moja, sababu tatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetazama ndani! Hilo ndilo lililomkaa Nemesia kooni. Alikwenda kusomea upigaji picha na watoto waliomwita shangazi darasani, akahitimu, akakaa kwenye mashine. Na Karnivali hajaikanyaga tena. Kila mwaka Jumamosi ile anaomba zamu, na anayemuuliza kwa nini anajibiwa kwa jicho.

Remigio aliacha mke mwenye mimba. Mtoto alikuwa msichana, Noelia. Mama yake alipoolewa tena na kuhamia La Paz, mtoto akabaki kwa bibi Fortunata. Sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na tatu, anadarizi mavazi ya wacheza ngoma, vidole vyake vina mashimo mengi ya sindano kuliko kitambaa. Miaka mitatu nyuma alikuwa kibaruani bondeni, akaitwa nyumbani: bibi yake amekwama mapafu, padri ameshaitwa. Noelia akapiga magoti mbele ya Bikira akaweka nadhiri, bibi akiinuka nitakuchezea miaka mitatu. Bibi akainuka. Noelia akacheza mwaka wa kwanza, akacheza wa pili. Na tuliozaliwa hapa tunajua, nadhiri ya miaka mitatu ukiikata njiani ni afadhali usingeianza.

Novemba, mazoezi ya kwanza ya mwaka wa tatu, Noelia akaanguka kwenye mwinamo wa barabara kuu. Akainuka anacheka. Desemba akaanguka tena, na safari hii midomo ilikuwa ya zambarau.

"Ni mwinuko," akasema bibi Fortunata.

Nemesia alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini ili asikivunje.

"Mwinuko? Mama! Mtoto huyu kazaliwa mita elfu tatu na mia saba juu ya bahari! Kanyonya hapa, kaota meno hapa. Karudi toka bondeni mwaka wa tatu huu. Huo mwinuko ulikuwa umelala wapi siku zote?"

"Mwinuko hauna ratiba."

"Shangazi, sikupata chakula vizuri siku ile," Noelia akasema. "Ni uchovu tu."

"Remigio naye alianza hivihivi," Nemesia akasema.

Bibi akainuka, akaenda jikoni, akakoroga sufuria iliyokuwa haipo hata motoni. Nemesia akaona ni ukaidi, akazidi kukasirika.

Siku ya tatu alimburuta Noelia mpaka kwa Daktari Arancibia. Arancibia ni mtu mpole, mzaliwa wa Sucre, hajawahi kupandisha sauti, jambo ambalo Nemesia analiona kama kasoro ya malezi. Alimpaka Noelia mafuta kifuani, akamwekea kile kidude cha ultrasaundi, akatazama muda mrefu mno.

"Mshipa wa kulia unaolisha moyo nauona," akasema. "Wa kushoto sioni unapoanzia. Huenda ni pembe niliyotazamia, huenda siyo. Sitaki kubahatisha. Tupige CT. Na mpaka tujue, Noelia, usicheze."

"Nitatembea tu, daktari, siruki," Noelia akasema, na alivyosema kwa utamu ule Nemesia akajua anadanganya.

Siku ya picha ikafika. Nemesia alimkagua mdomo, akamkagua mifuko, akamkagua hata soksi. Safi. Mapigo: tisini na sita. Sawa, anaogopa, akampa kidonge cha kupunguza mwendo wa moyo, akamwambia kaa nje na bibi yako saa moja, tulia. Saa moja ikapita. Mapigo: tisini na nne.

"Haiwezekani," Nemesia akasema. Kidonge kile kinatuliza hata punda. Akatoka nje taratibu, akachungulia kibarazani. Bibi Fortunata alikuwa kaketi na mtandio wake wa mgongoni, na ndani ya mtandio chupa ya chai, na kwenye kifuniko cha chupa majani ya koka yanaelea, yanafuka mvuke.

"Mama!"

"Anaogopa, maskini. Nimempa kidogo atulize moyo."

"Atulize! Koka inatuliza moyo tangu lini? Karatasi hukusomewa?"

"Mimi sijui kusoma, na unajua sijui."

"Nilikusomea mimi mwenyewe!"

"Ulisoma kwa kelele. Ukisoma kwa kelele sisikii maneno, nasikia kelele tu."

Watu wote wa foleni wakacheka, na mmoja akasema, "Mpe na huyo mpiga picha kikombe, bibi, naye ana mapigo." Nemesia akarudi ndani akafunga mlango kwa kisigino. "Leo hupigwi picha," akamwambia mtoto wa mdogo wake, maneno yaleyale aliyowaambia wengine mara elfu. Wiki iliyofuata mashine ilifungwa kwa matengenezo. Kipuri kikakwama mpakani. Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita, na kila Jumapili Noelia akaenda mazoezini, akasema anatembea tu, akarudi nyumbani jasho limekauka mgongoni kwa kuruka. Ukimsema anasema ndiyo shangazi. Kumpigia mbuzi gitaa! Wiki tano hizo Nemesia hakulala vizuri hata siku moja. Simu ikilia Jumapili, aliirukia kabla haijalia mara ya pili.

Katikati ya Januari mashine ikapona. Nemesia alikwenda kwa mama yake kabla jua halijatoka, akamchukua Noelia, akaichukua na ile chupa ya chai, akaenda kuifungia kwenye kabati lake la kazini. Mapigo: sitini na moja. Akamtia kanula, ule mrija mwembamba wa dawa, mkononi, akamuunga na waya za umeme wa moyo, akamwekea kidonge chini ya ulimi cha kuitanua mishipa, akaenda nyuma ya kioo.

"Utasikia joto mwilini dawa ya rangi ikiingia. Utadhani umejikojolea. Hujajikojolea."

"Vuta pumzi," mashine ikafoka. "Bana. Usipumue. Nimesema usipumue!"

Ilipokwisha, Noelia akacheka mle ndani. "Shangazi, hata humu unanigombeza!"

"Nyamaza huko."

Picha ikaja. Nemesia ameona mioyo miaka ishirini, anaijua kama wengine wanavyojua sura za majirani. Mshipa wa kushoto huchomoza kushoto. Akatafuta kushoto, akakuta ukuta mtupu. Akaizungusha picha polepole. Kulia palikuwa na vinywa viwili, pua na pua. Ule wa kushoto ulizaliwa upande wa mwenzake, ukalazimika kuvuka kurudi kwake, na njia uliyopita ilikuwa ndiyo hiyo mbaya kuliko zote: katikati ya mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni. Pale katikati ulikuwa umebanwa, bapa kama utepe.

Kusema si kazi yake, ni ya daktari. Akaketi, mikono juu ya magoti.

"Imetoka vizuri?" Noelia akauliza kupitia kioo.

"Imetoka vizuri," Nemesia akajibu. Na kweli ilikuwa imetoka vizuri, hajawahi kupiga picha safi kuliko ile.

Daktari Arancibia aliwaita wote watatu, bibi, shangazi na mwenyewe. Akawageuzia kioo cha kompyuta.

"Amezaliwa nao hivi," akasema. "Si mwinuko, si njaa, si uchovu. Akiwa amekaa anadarizi, damu inapita. Akiruka, hii mishipa mikubwa inatuna, inaubana huu mdogo, kama mpira wa maji uliopitishwa chini ya mlango. Moyo unakosa damu wakati ndiyo unaihitaji. Akibahatika anazirai."

"Na asipobahatika?" Noelia akauliza.

Arancibia akaweka kidole pale mshipa ulipobanwa.

"Inatibika," akasema. "Wapo madaktari La Paz wanaoufungulia mlango mpya mahali panapostahili. Nimeshazungumza nao. Wana nafasi Jumatano ya wiki ya Karnivali. Baada ya miezi mitatu tunapiga picha nyingine tuone kama umekaa sawa. Ila kucheza mwaka huu hapana."

"Nitakwenda baada ya Karnivali."

"Noelia."

"Siku tatu tu, daktari! Nimecheza miaka miwili na mshipa huuhuu, hausubiri siku tatu?"

Hapo Nemesia akalipuka. Alisema yote. Alisema kichwa maji, alisema sikio la kufa halisikii dawa, alisema nimekuhangaikia tangu Desemba kama kichaa na wewe unapangia kifo ratiba. Noelia akamsikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Shangazi, bibi yuko hai. Huyo hapo anakula mkate. Padri alishampaka mafuta, ukasahau? Niliomba nikapewa. Sasa nimlipe Bikira theluthi mbili nimwambie asante, nyingine nimebakiza? Akimtaka tena bibi nitasema nini?"

Mtu anayebishana kwa ujinga unaweza kumfokea, lakini anayebishana kwa mapenzi unamfanyaje?

Bibi Fortunata alikuwa ameacha kutafuna. Mkate uko mkononi, macho yako kwenye picha.

"Na Remigio?" akauliza.

Nemesia akamtazama daktari.

"Nemesia, nakuuliza wewe. Remigio naye alikuwa na huu?"

Miaka ishirini na minne Nemesia alikuwa na jibu la swali hilo, kali, limenolewa. Alikuwa amelipanga kwa ajili ya daktari yule wa zamu, kwa mwandika cheti, kwa wale wa matangani. Akamtazama mama yake, akaona vidole vinavyoumega ule mkate vipande vipande na kuviangusha chini.

"Sijui, mama," akasema. "Hakupigwa picha. Hapakuwa na mashine."

"Alipozirai mazoezini, mimi ndiye niliyesema ni mwinuko." Sauti ya bibi ilikuwa ndogo. "Nikampa majani nikamwambia tafuna, amka, mwanamume haogopi mlima. Kama haukuwa mwinuko, basi ni mimi niliyempeleka."

Kumbe! Ndiyo ile sufuria isiyokuwa na moto. Ndiyo ile chupa ndani ya mtandio. Bibi wa watu alikuwa anaung'ang'ania mwinuko kwa sababu akiuachia anabaki mikono mitupu na mtoto wake. Nemesia aliona aibu, aibu ya kuchoma, kwa kila alilomfokea.

"Na kamba za kinyago nilifunga mimi," akasema. "Tulimpeleka wote, mama. Hatukujua."

Arancibia, kwa upole wake ule unaoudhi, akajifanya anasoma kitu.

"Nitacheza mimi," Nemesia akasema ghafla.

Noelia akamgeukia. "Wewe? Shangazi, wewe hata harusini huinuki!"

"Nitacheza. Wewe nenda La Paz."

"Nadhiri haihamishwi kama shuka."

"Ilikuwa ya nani?" bibi akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Uliomba uhai wa nani? Wangu. Basi mimi ndiye ninayejua nimelipiwa au sijalipiwa, na nasema binti yangu atacheza na itahesabika. Bikira akiwa na neno, anajua ninapokaa. Wewe utakwenda kupasuliwa, na ukinibishia ninakufa leoleo, tuone hiyo nadhiri yako itakuwa ya nini."

Noelia akamtazama bibi yake, kisha akamwambia daktari aandike Jumatano.

"Kuna jambo moja," Daktari Arancibia akasema. "Doña Nemesia, wewe ni dada wa Remigio, na Remigio alianguka kwenye mwinamo uleule. Haya mambo hufuata ukoo, ingawa kwa nadra. Sikupi ruhusa ya kuruka kilomita nne bila picha."

"Mimi? Mimi nina miaka hamsini na mitatu, ningekuwa nimeshakufa!"

"Hivyo ndivyo wagonjwa wanavyokuambia wewe."

Basi Jumatatu doña Neme akalala kwenye kitanda cha mashine yake mwenyewe, na nyuma ya kioo akakaa Edwin Marca, mpiga picha wa zamu ya jioni aliyeitwa asubuhi ile, aliyefundishwa na yeye na kufokewa na yeye miaka minane mfululizo. Edwin akatazama mapigo. Akayatazama tena.

"Tisini na nane," akasema. "Doña Neme, umekunywa kahawa?"

"Una wazimu wewe?"

"Chai?"

"Edwin, usinichezee. Karatasi niliandika mimi."

Edwin akatoka nyuma ya kioo, akaja mpaka kitandani, akamkagua uso. Nyani haoni kundule. Kila siku ya Mungu, miaka ishirini, Nemesia anaingia kazini na majani machache shavuni, ya kuanzia siku, na hajawahi hata mara moja kuyahesabu kuwa ni kitu. Ukimwuliza kama anatumia koka atakuapia hapana. Edwin akakinga kiganja chini ya kidevu chake.

"Tema."

Nemesia akalificha shavu kwa bega.

"Ni majani tu," Nemesia akasema.

"Tema, nasema."

Akatema.

"Leo hupigwi picha," Edwin akasema, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesubiri miaka minane. "Vaa shati. Rudi Alhamisi."

Hospitali nzima ilijua kabla ya saa sita, mpaka don Ciriaco, aliyekuja kuchukua majibu yake, akapita mlangoni kumpa pole. Alhamisi mapigo yalikuwa sitini na tatu. Akalala mle ndani peke yake, na ile sauti ikamshukia: bana, usipumue, nimesema usipumue! Akabana mpaka masikio yakavuma.

"Kumbe ndivyo ninavyosikika?" akauliza alipotolewa.

"Hiyo ni siku yako njema," Edwin akasema. "Kushoto kumetoka kushoto, doña Neme. Moyo wako mzima. Tatizo ni mdomo."

Kabla ya kupanda basi la La Paz, Noelia aliyaachia mishono mavazi yake mwenyewe ya shetani, akaongeza kipande kiunoni, akaongeza na kingine. "Shangazi, umekula kitambaa chote cha duka," akasema akiwa na pini mdomoni. Jumatano akapasuliwa, mama yake, yule aliyehamia huko, yuko pembeni. Ilichukua saa tano. Saa tano hizo Nemesia alipiga picha watu tisa na hakumfokea hata mmoja, na wagonjwa wakaanza kuulizana kama yuko mzima. Saa tisa simu ikalia. Umefunguliwa, damu inapita, amezinduka anaomba maji. Nemesia aliingia chumba cha mashuka, kilekile cha zamani, akalia ndani ya taulo mpaka akatosheka.

Jumamosi akacheza. Hakucheza vizuri, nisikudanganye. Alikosea hatua tangu kona ya kwanza, magoti yalimlilia, pembe za kinyago zilimvuta kichwa upande, na vijana wa mstari wa nyuma walikuwa wanamwambia, "Kushoto, mama! Kushoto kwako kwingine!" Naye alikuwa anawajibu kutoka ndani ya kinyago maneno ambayo shetani halisi angeona haya. Akamgombeza Bikira njia nzima. Akamgombeza Remigio kwa kuanguka. Pale juu, ngoma zinapopinda, miguu ikakataa. Akasimama. Watu wakampita kulia na kushoto, tarumbeta zikampita, naye kasimama palepale, kifua kinapanda na kushuka, anaona lami ileile. Kisha akajifokea mwenyewe, kwa sauti, kama anavyowafokea wengine: "Haya, pumua!" Akapumua, akaruka.

Mlangoni pa kanisa alivua kinyago, akaingia kwa magoti kama inavyopasa, akafika mbele. Alikuwa amepanga mengi ya kusema. Akasema, "Miaka mitatu, imetimia," akatoka, pumzi zimemwisha.

Bibi Fortunata alikuwa anamsubiri kwenye ngazi, ameshika simu sikioni juu chini.

"Noelia anasema amekuona kwenye televisheni. Anasema umemwaibisha."

"Mwambie alale."

Bibi akaketi karibu yake. Akafungua mtandio, akatoa ile chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko. Majani yakaelea, mvuke ukapanda. Nemesia akakitazama kile kikombe, akamtazama mama yake.

"Leo hupigwi picha," bibi akasema. "Kunywa."